Kadri ya Chuma kwa Mwili Mkubwa

Ninyi wenye miili myembamba, nendeni mkanywe chai kwanza, mtarudi baadaye. Leo nasema na wale ambao wakipanda baiskeli gurudumu la nyuma linaguna na watoto wa barabarani wanaanza kucheka. Nimewahudumia watu wa aina yenu maisha yangu yote. Na tangu nilipoacha kazi, tumbo langu mwenyewe limeanza kunitangulia mlangoni, kwa hiyo msidhani nawasema kwa mbali.

Mimi ni Papa Anselme. Kama mlikulia Mangobo mnakijua kibanda changu cha mabati, ingawa sasa humo anakaa kijana wa kuchaji simu. Nilitengeneza baiskeli hapo tangu wakati Kisangani nzima ilipokuwa inatembea kwa toleka: dereva mbele anakanyaga, abiria nyuma amekalia sponji, ameshika mzigo wake magotini. Pikipiki zilipokuja nilidhani kazi yetu imekwisha. Bon, haikuisha. Siku hizi vijana wananijia nyumbani, simu mkononi, wananionyesha picha za watu waliofunga mifuko kwenye baiskeli wakienda nchi kwa nchi. Wananiambia: "Papa, na miye nataka kufika Bengamisa, kisha Banalia, na velo. Lakini miye niko munene. Nitafute kadri gani?"

Nitajibu, lakini kwa njia yangu, maana sijui kueleza chuma bila kumweleza mtu aliyekikalia. Na nitaandika kwa Kiswahili nilichofundishwa shuleni. Watu wakiongea nitawaacha waongee chetu.

Kadri, kwa asiyejua, ni ule mwili wa baiskeli, mabomba yaliyoungwa kwa pembe, ambayo magurudumu, usukani na kiti vyote vinashikamana nayo. Gurudumu likiharibika unabadilisha. Mnyororo ukikatika unaunga. Kadri ikivunjika ukiwa katikati ya msitu, umebaki na vyuma viwili na safari ya miguu.

Aliyenifundisha ni Mzee Salumu, mtu wa Kindu, mfupi, mkavu, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusahau kwamba alikasirika. Asubuhi alikuwa haongei mpaka amalize kikombe chake cha tangawizi. Jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa la chuma, lilikuwa la adabu. Siku zangu za mwanzo aliingia mpishi mmoja wa jeshi kutoka Kapalata, mtu wa kuziba mlango, akataka baiskeli. Mimi nikamuuliza kwa sauti kubwa: "Papa, weye iko na kilo ngapi?" Watu waliokuwa wakingoja wakacheka. Mpishi akageuka kutazama ukuta. Mzee Salumu akanituma nikachote maji, na kisima kilikuwa mbali sana.

Niliporudi nilikuta amemwaga majivu sakafuni, ameyasawazisha kwa kiganja, ameweka juu yake baiskeli ya dukani. Mpishi amekaa juu yake, ameegemea ukuta, wanapiga soga za mechi ya Jumapili. Mpishi aliposhuka Mzee akainama akatazama alama ambazo matairi yameacha kwenye majivu. Mbele, alama fupi. Nyuma, alama ndefu kupita kidole cha kati, maana pale tairi lilibonyea zaidi. Hakuuliza kilo, na hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo nami nilipima watu kwa majivu, na wengi hawakujua kama wamepimwa.

Hapo ndipo somo lenyewe lilipo, kwa hiyo msilipite. Mtu akikaa juu ya baiskeli hagawanyiki sawasawa. Sehemu kubwa ya mwili wake inashukia nyuma. Mtu mnene akija kuniuliza habari za kadri, mimi macho yangu yanaenda kwenye gurudumu la nyuma kwanza. Ukinunua kadri nzuri ukaweka gurudumu la nyuma la hovyo, njiti zake, zile spoki, zitaanza kukatika kabla hujaona miti ya Bengamisa. Tafuta lenye njiti nyingi, nene, zilizokazwa sawa. Uzipige kidole moja baada ya nyingine na usikilize. Ile inayotoa sauti ya uvivu ndiyo itakayowaponza wenzake.

Alors, Mama Zuhura.

Alikuja mwaka wangu wa mwisho wa kazi, katikati ya mvua. Nilimwona kwa mbali: nusu ya baiskeli kichwani, nusu nyingine anaiburuta kwa mkono, na nyuma yake kundi la watoto. Alikuwa mjane, mwenyeji wa Maniema kama Mzee Salumu, anauza makayabu, samaki wa chumvi, na mchele sokoni. Mwili wake ulikuwa mkubwa kweli, na alikuwa anautembeza bila kumwomba mtu radhi. Akaweka vyuma chini, akawaambia watoto, "Mumeona, haya, kwenda," akakaa kwenye benchi langu. Benchi likaguna. Akalitazama.

"Hata weye?" akaliambia.

Nikacheka, naye akacheka. Lakini nikaona kwamba kicheko kilikuwa cha juu juu tu.

"Papa Anselme, hii ni velo ya pili mwezi huu. Nataka moja ya kunifikisha kwa Mwajuma."

Mwajuma ni binti yake wa pekee. Ameolewa na mkulima katika kijiji kimoja mbele ya Bengamisa, ukielekea Banalia. Uzazi wake wa kwanza ulikwenda vibaya. Uchungu ulipoanza, watu wa nyumbani wakasema tungoje kidogo, wakasema tena tungoje kidogo, na kituo cha afya kiko Bengamisa. Walipoanza safari mtoto alikuwa ameshafia tumboni. Sasa Mwajuma alikuwa na mimba nyingine, imekomaa, na kwetu mama anakwenda kukaa na binti yake kabla ya siku yenyewe.

"Kule wote ni watu wazuri," Mama Zuhura akaniambia. "Lakini nani atasema 'twende sasa', kama miye siko? Mukwe wangu anaogopa mama yake. Mama yake anaogopa njia. Mutoto wangu anaona haya kulia."

"Na pikipiki?"

"Motari wawili walinikatalia. Wa tatu alinibeba, tukaanguka ndani ya matope, akasema ni juu ya uzito yangu. Akaniacha pale. Nikatembea mpaka nyumbani na viatu mukononi." Akatazama vipande vya baiskeli. "Nilikomaa juu ya velo kule Kindu. Huu mwili ni wangu, nitaubeba miye mwenyewe. Tafuta tu chuma."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kutafuta. Na ninyi mnaotaka majibu ya haraka, ndiyo sasa yanakuja.

Kadri ya kwanza tuliyoikataa ilikuwa mpya, dukani, nyekundu, ina springi mbele na springi nyuma. Watu wanene wanaipenda kwa sababu mabomba yake ni manono, wanadhani manono yatawafaa wanono wenzao. Bomba nono linadanganya macho. Nyingi ni alumini, au ni bati la chuma lililokunjwa likapakwa rangi nzuri. Alumini ikichoka haikuambii kitu, siku moja inakatika tu. Chuma kina tabia nzuri: kinapinda kwanza, kinalia, kinakupa habari. Na chuma kikiumia, fundi yeyote wa njiani mwenye moto anaweza kukiunga. Springi atakuungia nani kule?

Ya pili ilikuwa velo ya mama, ile isiyokuwa na bomba la juu ili mwanamke aingie na liputa yake, kitenge cha kiunoni, bila taabu. Mama Zuhura aliitaka hiyo. Nikamkalisha juu yake, nikamwambia akanyage kwa nguvu huku nimeshika breki. Kadri ilijikunja kulia, ikajikunja kushoto. Aliona mwenyewe.

"Inacheza ndombolo," akasema.

"Na ukiwa na mzigo, kwenye mteremko, usukani utacheza hivyo hivyo. Mwili mkubwa unahitaji bomba la juu, mama."

"Na liputa?"

"Hilo si la fundi."

Kesho yake alirudi amevaa suruali ya mazoezi chini ya liputa, ya marehemu mumewe, amekunja miguu yake mara mbili. Nikamfundisha kulaza baiskeli upande, kuvusha mguu juu ya bomba, kisha kuisimamisha pamoja na mwili. Vijana wa jirani walikuja kutazama. Siku ya tatu aliwauliza kama wamelipa tiketi, wakatawanyika.

Ya tatu aliileta shemeji yake, Ramazani, mdogo wa marehemu mumewe. Ramazani alikuwa dereva wa toleka wa siku nyingi, mtu wa roho nzuri, mwenye maoni juu ya kila kitu. Baiskeli aliyoileta ilikuwa imefungwa nondo mwili mzima.

Hapa lazima niwaeleze, maana ninyi wa pikipiki hamkuyaona. Kisangani ina dini zake, na moja ilikuwa nondo, zile fito za chuma za kujengea nyumba. Mtu akinunua baiskeli mpya, kabla hajaipanda anaipeleka kwa mchomeleaji. Anachomelea nondo chini ya bomba la juu, nondo kwenye uma wa mbele, nondo mbili mpaka kwenye porbagaji, ile chuma ya kubebea nyuma. Ndugu wanachanga. Ni zawadi. Baiskeli isiyokuwa na nondo ilikuwa inaonekana kama bado haijavaa nguo. Na kwa watu wanaosukuma magunia kutoka Bengamisa, nondo zilikuwa na maana. Gunia limelala nyuma, mwenyewe anatembea pembeni, hakuna aliyekalia kiti, mwendo ni wa polepole.

Lakini mtu si gunia. Mtu anasimama juu ya pedali, anavuta usukani, anajitupa huku na huku kwenye kilima. Kadri inataka kupumua kidogo chini yake. Ukikaza sehemu moja kwa nondo, mtikisiko wote unakimbilia pale nondo inapoishia, na pale ndipo moto wa kuchomelea umeshachoma bomba likalegea. Mzee Salumu alikuwa akionyeshwa kadri iliyovunjika anauliza nondo iko wapi kabla hajaiangalia. Mara nyingi ufa ulikuwa upana wa kidole tu kutoka kwenye ncha ya nondo.

Nilimweleza Ramazani haya yote. Alinisikiliza kwa heshima, mikono nyuma.

"Papa Anselme, weye ni fundi," akasema. "Lakini unamuona shemeji."

"Namuona."

"Basi. Chuma mingi ni muzuri kuliko chuma kidogo."

Mama Zuhura akamwambia arudishe baiskeli yake nyumbani kabla mvua haijanyesha. Akaenda, lakini sikuridhika na jinsi alivyokuwa anatikisa kichwa.

Tulipata habari ya kadri nzuri kutoka kwa mvuvi mmoja aliyeleta samaki sokoni. Alisema kwao Yanonge kuna baiskeli ya zamani ya mwalimu aliyefariki, haina magurudumu, mjane wake anaitumia kuanikia samaki. Nikapanda baleinière, mashua kubwa ya abiria, nikashuka na mto. Nilifika nikaikuta imening'inizwa chini ya paa la jiko la kukaushia samaki. Moshi na mafuta ya samaki vilikuwa vimeipaka ngozi nyeusi kila mahali. Mjane aliniomba radhi kwa uchafu. Nilikwangua kwa kisu, chini yake chuma hakina kutu hata chembe. Nikafurahi mpaka nikala lituma yake, ndizi za kutwanga, sahani mbili.

Nisikilizeni jinsi nilivyoipima, maana ndivyo mtakavyopima zenu. Kwanza nilipitisha ukucha polepole chini ya bomba la mbele, karibu na shingo ya usukani, kisha nyuma ya pedali. Jicho linadanganywa na rangi, ukucha unashika ufa. Pili niliining'iniza kwa kamba, nikapiga kila bomba kwa ufunguo wa nati. Chuma kizima kinalia na sauti inakawia. Chenye ufa kinakohoa. Tatu, nilifunga uzi kutoka nyuma upande mmoja, ukazunguka shingoni, ukarudi nyuma upande wa pili, nikapima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti pande zote mbili. Zikiwa sawa, kadri haijapinda. Nne, nilitazama viungo. Hii haikuwa imechomelewa. Kila pembe ilikuwa na kifuko cha chuma ambacho mabomba yanaingia ndani, kisha wameyaunga kwa shaba iliyoyeyushwa. Shaba haihitaji moto mkali wa kuchoma bomba. Na ilikuwa ndefu nyuma, gurudumu limekaa mbali kidogo na kiti, hivyo mwili haushukii wote juu ya ekseli.

Tena ilikuwa kubwa ya kumtosha. Hili wengi mnakosea. Mtu mrefu na mzito ananunua kadri ndogo kwa sababu ni rahisi kupanda, kisha anavuta kiti juu, juu, mpaka ile nguzo ya kiti imebaki inchi moja ndani ya bomba. Kila akikaa anafungua bomba kwa nguzo kama anafungua kopo. Baiskeli ya kwanza ya Mama Zuhura ilikufa hivyo.

Nilirudi nayo begani. Nikaijenga upya, magurudumu ya njiti nene, matairi mapana niliyoyapata kwa taabu, kiti chenye springi nzito mbili. Mwanzo alipata hofu.

"Papa, hii mabomba ni nyembamba."

"Panda."

Akapanda, akazunguka uwanja wa kanisa. Akazunguka tena. Mara ya tatu hakunitazama kabisa, alikuwa anatazama mbele tu, na uso wake ulikuwa wa msichana wa Kindu. Nilijisikia vizuri sana siku ile, nawaambia ukweli.

Tulikubaliana aondoke Jumatatu. Jumamosi aliichukua nyumbani kuizoea. Jumapili baada ya misa nilimwona Ramazani anakuja anaisukuma, ameng'aa uso mzima kwa furaha.

"Papa Anselme, tumemaliza. Vijana wa toleka wote walichanga."

Nondo ilikuwa imepita chini ya bomba la mbele kutoka shingoni mpaka kwenye pedali. Wameichomelea kwa umeme, mafuta ya moshi yameungua, bomba lenyewe lilikuwa limetoboka karibu na shingo, tundu la kupitisha msumari. Nikaweka ukucha wangu pale. Ulizama.

Sikumtukana. Ningependa kusema hivyo kwa sababu nina roho nzuri, lakini ni kwa sababu sikupata tusi la kumtosha. Niliingia ndani nikakaa. Mama Zuhura alipofika, nikamwambia: "Mama, kadri imekufa." Nikamwonyesha tundu. Ramazani alisimama pale, furaha yake yote imemwisha.

"Shemeji, nilifikiri..." akaanza.

"Najua ulichofikiri," Mama Zuhura akasema. "Ulifikiri nisianguke." Kisha akanigeukia. "Mukwe wangu alipiga simu asubuhi toka Bengamisa. Miguu ya Mwajuma imevimba. Papa, weye sema tu, inawezekana ao haiwezekani."

Nikasema niachieni mpaka kesho. Kisha nikamwambia Ramazani avue shati, kwa sababu nilihitaji mtu wa kuvuta mvukuto.

Vijana wa mashine za umeme hawaijui kazi hii, na inanisikitisha. Mzee Salumu alikuwa anaunga kadri kwa mkaa. Unajenga jiko dogo la matofali kuzunguka kiungo, unavukuta hewa mpaka kifuko kinakuwa chekundu cha kung'aa, shaba ya zamani inaanza kutoa jasho, na bomba baya linachomoka taratibu. Unasafisha. Unachukua bomba zima kutoka kadri nyingine ya ukubwa ule ule, nilikuwa nayo moja iliyovunjika nyuma tu, unaliingiza, unapaka unga wa borasi ili shaba ishike, unaweka vipande vya shaba. Shaba yangu mimi niliikata kwenye bomba la maji la zamani, lile la kufungulia. Kisha unangoja shaba inywewe yenyewe ndani ya kifuko. Usiwe na haraka, usipulize, usimwage maji. Iache ipoe kwa muda wake.

Ramazani alivukuta bila kusema neno, na Ramazani bila kusema neno ni kitu cha nadra. Tulipomaliza nilipiga bomba kwa ufunguo. Lililia vizuri. Akaniuliza kama kuna kitu kingine cha kuvukuta. Nikamwambia aende akale.

Asubuhi ya Jumatatu nilimsindikiza Mama Zuhura mpaka daraja la Tshopo. Nilikuwa nimemfungia vitu vizito mbele, chini, pande mbili za gurudumu, ili nyuma ibaki na nguo tu. Nikamwambia kila asubuhi, kabla ya kupanda, apitishe ukucha shingoni mwa kadri. Kwenye mashimo ainuke kidogo kwenye kiti, aache miguu ipokee. Kwenye kilima asione haya kushuka na kusukuma, hakuna anayempigia makofi.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Bon." Akavusha mguu juu ya bomba kama nilivyomfundisha, akaondoka. Liputa ilikuwa ya kijani. Niliitazama mpaka ilipopotea kati ya watu wa sokoni.

Kisha hakuna habari. Kule kijijini simu hazishiki, mnajua. Mvua ilinyesha Jumanne, ikanyesha Jumatano. Kila nilipolala niliona kile kiungo. Niliwaza kama shaba ilinywewa mpaka ndani au ilikaa juu tu, na fundi hawezi kujua, anaona nje peke yake. Ramazani alikuja kila siku anakaa kwenye benchi, tunatazama barabara. Alisema mara moja tu: "Kama anapoteza mutoto wa pili, nitamuangalia na macho gani?" Nilimpa chai.

Mchana mmoja simu yake ikalia. Akasikiliza, akanipa mimi.

Ilikuwa sauti ya Mama Zuhura, imekauka, inakatika katika. Akasema alifika. Akasema usiku wake wa pili tu pale, uchungu wa Mwajuma ulianza, na watu wakaanza kusema tungoje kidogo. Pikipiki ya kijiji haikuwa na mafuta. Basi kulipopambazuka akafungua mzigo wake wa nguo, akazikunja zote kuwa mto juu ya porbagaji, akamkalisha binti yake hapo, akamfunga kwake na liputa. Mkwe alitembea pembeni amemshika mgongo. Kwenye vilima walisukuma, kwenye tambarare alikanyaga. Hivyo mpaka Bengamisa.

Jamani, mimi nilihesabu kadri ile kwa mwili mmoja mkubwa na nguo. Sikuhesabu mwili mkubwa, na mwanamke mwenye uchungu, na mtoto ndani, juu ya kiungo cha siku chache.

"Kadri," nikasema. "Kadri ilifanya nini? Pale shingoni, ulipitisha ukucha?"

Ramazani alikuwa ananivuta mkono, anauliza, mutoto, uliza mutoto. Kisha nikasikia Mama Zuhura anacheka polepole, na nyuma ya kicheko chake kitu kidogo kinalia kwa nguvu zake zote.

"Papa Anselme," akasema, "ni binti. Mama yake amelala, iko muzima. Kadri yako iko inje, imeegemea ukuta, sijaiangalia bado. Namushika mutoto, mikono yote mbili iko na kazi."